Kabla ya kufika stendi ya Kange: maandalizi ya mwaka mzima wa kujitolea ng'ambo

Ukitangaza Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwamba umepata nafasi ya kwenda Ujerumani mwaka mzima, kabla hujamaliza kikombe cha chai mtaa umeshakupangia matumizi. Shangazi ana nyumba ya kuezeka Pongwe. Binamu anataka mtaji wa kuuza samaki Deep Sea. Rafiki ambaye hamjaongea tangu kidato cha nne anaikumbuka namba yako usiku uleule. Hawana roho mbaya hata kidogo. Wamelisikia neno Ulaya, na lile la pili, kujitolea, limepita sikioni bila kutua.

Mimi nilikwenda kwa mpango wa kujitolea. Nilihudumu miezi kumi na miwili katika nyumba ya kutunzia wazee kaskazini mwa Ujerumani, na tangu nirudi nimekaa na vijana kadhaa wa hapa Tanga wanaojiandaa kwa safari kama ile. Karibu wote huanzia kwenye koti na begi. Koti utalipata kulekule, la mtumba, na lenye joto kuliko lolote utakalolikuta hapa sokoni. Kinachomnyima mtu usingizi akiwa mbali ni vilivyobaki nyumbani vikiwa vimefungamana: jina lisilolingana kwenye karatasi, ahadi iliyotolewa kwa aibu, deni la mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, mama anayeugua na hakuna aliyekubaliana na mwenzake nani atasema nini. Mafundo hayo hufunguka kwa urahisi ukiwa hapa, lakini ukiwa kule ni shida tupu.

Kwanza tujue ni safari ya namna gani. Ujerumani ina mpango unaoitwa weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa kupeleka vijana wao nchi kama yetu. Ndio wale tunaowaona wakisaidia mashuleni na vituoni huku kwetu, wakijifunza kusema "shikamoo" kwa kila mtu mpaka kwa watoto. Tangu mwaka 2013 mlango ukafunguliwa upande wa pili, vijana wa huku nao wakaanza kwenda kuhudumu kule. Wanapokelewa ndani ya utumishi wa hiari wa taifa lao, Bundesfreiwilligendienst, ulioanzishwa Julai 2011 baada ya Ujerumani kusimamisha jeshi la lazima. Kazi zenyewe ni za kusaidia katika nyumba za wazee, shule za chekechea, vituo vya watu wenye ulemavu au miradi ya mazingira. Umri unaotakiwa kwa weltwärts kwa kawaida ni miaka 18 hadi 28. Huombi kwa kuandikia serikali yao moja kwa moja. Kuna shirika la huku linalotuma na shirika la kule linalopokea, na hayo mawili ndiyo yanayoshikana mkono juu yako.

Zipo safari nyingine za utumishi. Umoja wa Mataifa una mpango wake wa wanaojitolea, ulioundwa mwaka 1970, makao yake yako Bonn. Wapo watumishi wa dini, na wapo askari wetu wa kulinda amani ambao mambo yao hupangwa na jeshi. Nitashika zaidi hii ya vijana kwa sababu ndiyo niliyoipitia, ingawa mengi yanafanana.

Sasa nije kwenye fedha, maana hapo ndipo familia nyingi zinapoumizana. Anayejitolea hapati mshahara. Nauli ya ndege, malazi, chakula na bima hubebwa na mpango, na juu yake unapewa fedha za mfukoni. Fedha hizo zimepimwa kwa maisha ya kule: tiketi ya basi, sabuni, vocha, kunyoa nywele. Ukizigeuza kuwa shilingi zinaonekana nyingi, na hesabu hiyo ndiyo inayoponza. Mtu akiona tarakimu kwa shilingi, anadhani umekalia hazina na unambania.

Nilichokifanya, na ninawashauri wengine wakifanye, ni kuikalisha familia kabla hata ya kuomba viza. Usiwaambie mmoja mmoja. Wakalishe pamoja, na aseme mkubwa, usiseme wewe. Mimi nilimwomba baba mdogo awe msemaji, kwa sababu kijana akisema "sitaweza kutuma" anaonekana ameshaanza kiburi cha Ulaya kabla ya kuondoka. Baba mdogo alieleza, watu wakanyamaza. Bibi yangu ndiye aliyevunja ukimya.

"Kwa hiyo wanakulisha?"

"Wananilisha, bibi, na mahali pa kulala wananipa. Mkononi natiwa ya sabuni na nauli."

Akatafakari, kisha akawageukia wengine: "Basi mtoto huyu anakwenda jandoni. Haendi kuchuma."

Kauli hiyo ilinifaa mwaka mzima. Kila aliyepiga simu na shida, mama alimrudishia maneno ya bibi, na mtu alielewa. Kama unataka kutuma chochote, taja kiasi kimoja kidogo kwa jambo moja, kwa mfano ada ya mdogo wako, na useme mbele ya wote kwamba zaidi ya hapo hakuna. Ukienda na ahadi ya "nitaangalia", kila mtu atajaza mwenyewe ukubwa wa ahadi hiyo.

Kuna mazungumzo mengine ambayo hatukuyafanya siku ile, na ninajutia mpaka leo. Hatukuzungumza kuhusu kifo. Bibi alifariki nikiwa kule, mwezi wa Februari, theluji iko nje. Maziko yetu hayangoji, alizikwa siku ileile, na hata ningeambiwa saa ileile nisingewahi. Hilo nalikubali. Lakini nyumbani walikubaliana kunificha "asije akachanganyikiwa na kazi za watu", nikaambiwa baada ya wiki tatu. Kwa wiki tatu nilikuwa nawaosha miguu wazee wa watu wengine, namuulizia bibi kwenye simu, naambiwa amelala. Walifanya kwa mapenzi. Hata hivyo iliniuma kuliko msiba wenyewe, kwa sababu baada ya hapo kila nilipoambiwa "wote wazima" sikuamini.

Kwa hiyo lisemeni kabla ya safari, hata kama mama atasema unajitabiria mabaya. Akifa mtu, nani atanipigia? Ataniambia siku hiyohiyo, au mnataka nini? Nikiugua mimi, nani wa kwanza kujulishwa, na nani asiambiwe kwa simu bali aendewe nyumbani? Uliza pia shirika lako kama mkataba unaruhusu kurudi kwa msiba, na nauli hiyo ni ya nani. Jibu likiwa "ni yako", ujue mapema.

Fundo la pili kwa ukubwa ni jina. Huku pwani jina ni jambo la sauti kuliko la herufi. Mtoto anaitwa Athumani nyumbani, cheti cha kuzaliwa kinasema Othman, mwalimu wa darasa la kwanza kaandika Athuman, na kitambulisho cha taifa kimechukua majina mawili tu badala ya matatu. Mtaani hakuna aliyewahi kukuuliza. Ubalozini watakuuliza.

Ili kuelewa kwa nini linasumbua, ziangalie karatasi kama ghorofa. Chini kabisa ni cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Juu yake kinakaa kitambulisho cha taifa kinachotolewa na NIDA, mamlaka ya vitambulisho, chenye namba ya tarakimu 20. Juu ya hicho ndiyo pasipoti, na juu ya pasipoti ndiyo viza. Pembeni kuna vyeti vya shule. Herufi ikikosewa chini, kosa linapanda hadi juu, na ukijaribu kusahihisha kwenye pasipoti peke yake utarudishwa, kwa sababu Uhamiaji wanasoma kilichopo NIDA. Usahihishaji huanzia chini. Tandika karatasi zako zote sakafuni, soma jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa herufi kwa herufi, na uombe mtu mwingine asome pia, maana jicho lako limeshazoea kosa.

Watu huchanganya dawa mbili za ugonjwa huu. Ya kwanza ni kiapo mbele ya wakili au hakimu, unachoapa kwamba Athumani wa karatasi hii na Othman wa karatasi ile ni mtu mmoja. Hakibadilishi jina, kinaunganisha tu. Ya pili ni hati ya kubadili jina, ambayo husajiliwa, na baada yake una jina moja jipya kisheria. Nimewaona vijana wakilipia hati ya kubadili jina pale ambapo kiapo kingetosha, na wengine wakibeba viapo vitatu mahali ambapo afisa anataka karatasi iliyosahihishwa. Kabla ya kulipa chochote, uliza ofisi itakayoipokea inataka ipi.

Pasipoti yenyewe huombwa kwa mtandao, kisha unafika ofisi ya Uhamiaji kwa alama za vidole. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Wengi hukwama kwa sababu hawakujua kwamba unatakiwa pia kuleta cheti cha kuzaliwa cha mzazi, au kiapo badala yake. Wazazi wetu wengi walizaliwa nyumbani kwa mkunga, hawana cheti. Kama baba yuko Pangani au Mkinga na simu yake haishiki mtandao, hiyo ni safari ya kupanga, usiiache kwa wiki ya mwisho.

Viza ina utata wake mdogo. Viza ya Schengen ambayo watu wanaitaja kila siku ni ya muda mfupi, siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Mwaka wa utumishi unahitaji viza ya taifa, ya muda mrefu, na hiyo unaifuata mwenyewe Dar es Salaam pamoja na mkataba wa utumishi na uthibitisho wa bima. Majibu huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Usiache kazi, usiuze kitanda wala usifanye karamu ya kuagwa kabla viza haijabandikwa. Ukishafika, sheria yao inakutaka ujiandikishe katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili tangu uhamie kwenye makazi. Jiandae pia kuitwa kwa jina la babu, kwa sababu fomu zao zinachukua jina la mwisho kuwa la ukoo. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa nikiitwa na sigeuki.

Kuhusu matapeli nitasema kwa ufupi kwa kuwa alama zao ziko wazi. Mpango wa kweli wa kujitolea haukuuzii nafasi. Umoja wa Mataifa hautozi ada hatua yoyote ya kuajiri. Mtu akikuambia safari ni ya kujitolea lakini ulipe milioni kadhaa za "usajili", au akisema mkataba utausoma ukishafika, au akataka akutunzie pasipoti, huyo muache palepale. Na kama safari ni ya ajira, ikiwemo hii ya kazi za ndani Uarabuni inayowachukua dada zetu wengi, basi isiitwe kujitolea: wakala awe na leseni na mkataba upitie TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Tanzania ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008, na kudanganywa kuhusu aina ya kazi ni mojawapo ya njia ambazo watu husafirishwa.

Turudi nyumbani. Kumwachia mtu funguo si sawa na kumpa mamlaka. Kaka yako anaweza kulala chumbani kwako mwaka mzima, lakini hawezi kusaini badala yako benki, mahakamani au kwenye kiwanja chako bila hati ya uwakilishi iliyoandaliwa na wakili. Hati hiyo iseme anaweza kufanya nini na mpaka lini. Ukiandika "mambo yangu yote", ameweza kuuza pia. Ikigusa ardhi, isajiliwe. Na ijulikane kwamba hati hiyo huisha nguvu mwenye kuitoa akifariki, kwa hiyo haichukui nafasi ya wosia. Kwa sisi Waislamu hili la wosia si geni: Mtume, rehema na amani zimshukie, alihimiza mtu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wosia wake kuandikwa. Ni vema mwenye safari ya mwaka akalifanya hilo kabla ya kufunga begi.

Madeni nayo. Kama uko kwenye mchezo na umeshapokea zamu yako, kijumbe, yule anayekusanya michango, hatakuelewa ukimwambia uko Ulaya unajitolea. Malizia michango iliyobaki, au umtafute atakayeshika nafasi yako na kijumbe akubali mbele ya wenzake. Mkopo wa Bodi ya Mikopo hausimami kwa sababu umesafiri. Mtumishi wa umma aombe kibali na likizo bila malipo kwa maandishi mapema sana. Mwajiri binafsi hana wajibu wa kukushikia kiti, kwa hiyo akikuahidi, mwombe aandike. Kama watoto au wazazi wako wanatibiwa kwa kadi ya bima iliyo chini ya ajira yako, uliza nini kitatokea makato yakisimama. Kuna familia inayoligundua jambo hilo dirishani katika hospitali ya Bombo, mgonjwa akiwa mikononi.

Na laini ya simu. Hiyo ndogo ndiyo iliyonitesa. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, na kwenye namba hiyo kuna benki yako, pesa za simu na kila ujumbe wa kuthibitisha kuwa wewe ni wewe. Nenda nayo, iweke hewani, mtu wa nyumbani akuwekee vocha ndogo kila mwezi na wewe uitumie.

Kuna jambo la jua ambalo hakuna aliyeniambia. Sisi tunahesabu saa kwa jua, na huku karibu na ikweta jua halituangushi: likichwa ni saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima. Kule kaskazini, mwezi wa Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kama saa kumi jioni. Mwezi wa Juni linazama saa nne usiku. Alfajiri, magharibi na isha zinahama kila wiki, na mtu wa zamu za kazi lazima apange. Kibla nacho kinageuka. Tanga tunaelekea kaskazini, kule utaelekea kusini-mashariki, na siku za mwanzo mwili unakataa. Mweleze msimamizi wako mapema kuhusu sala, funga na chakula, kwa maneno ya kawaida na kabla ya Ramadhani kufika. Mimi nilinyamaza kwa aibu, wakadhani sipendi chakula chao. Tofauti ya saa na nyumbani ni moja wakati wa kiangazi chao na mbili wakati wa baridi, kwa hiyo mkipanga kuongea na mama baada ya isha, kumbuka mwezi wa Oktoba wao wanarudisha saa nyuma na mama hajui habari hizo.

Afya ina pande mbili, na upande wa pili ndio unaosahaulika. Ukienda, kumbuka malaria inaweza kusafiri nawe na kujitokeza wiki kadhaa baadaye. Ukipata homa miezi ya mwanzo, usingoje daktari akisie mafua. Mwambie waziwazi umetoka eneo lenye malaria na akupime, maana yeye anaiona kwa nadra.

Ukirudi, hali imegeuka. Kinga tuliyo nayo watu wa huku hujengwa kwa kuumwa na mbu mara kwa mara, na ukikaa mwaka bila kuumwa inapungua. Ndiyo maana mtu anarudi ana afya njema, analala wiki mbili nyumbani kwao Makorora kama alivyolala utoto wake wote, halafu anabebwa hoi wakati wadogo zake waliokuwa chumba kilekile wako shuleni. Mimi nililazwa siku nne. Kwa hiyo kabla ya kupanda basi Kange, mwachie mama chandarua kipya kikiwa ndani ya mfuko wake. Mwambie asimpe mgeni, na akitundike siku utakapompigia kumwambia umetua Dar.